Malapa ya Nukta Tatu

Ilianza siku ya Alhamisi, saa kumi kasoro dakika kumi za jioni. Nina hakika na dakika hizo kwa sababu juu ya dirisha la kukatia tiketi, pale stesheni ya Mpanda, kulikuwa na saa kubwa ya ukutani, na katika vitu vyote vilivyokuwa juu ya kimo changu, saa ile ndiyo pekee niliyoweza kuitazama. Yenyewe haikunitazama. Watu nilikuwa siwatazami. Nilikuwa darasa la tano, mtoto mwenye haya kupita kiasi, na watu nilikuwa nawajua kuanzia magotini kushuka chini.

Sasa niko kidato cha tatu, na bado nina haya, ingawa si kama za wakati ule. Jumapili iliyopita nilikuwa nang'arisha viatu vyangu vya shule. Nilipofungua kopo la dawa ile harufu ikanipanda puani, nikajikuta nimekaa na kiatu kimoja mkononi mpaka dawa ikakauka. Harufu ile kwangu ni baba. Lakini pia ni Alhamisi ile. Nyie wa rika langu mliokulia hapa mjini mnamjua baba kama yule fundi viatu wa Nsemulwa, anayekaa kwenye kona ya vumbi ambako wapita njia ni wa kuhesabu. Mnadhani alihamia kule kwa sababu kazi ya kung'arisha imekufa, maana siku hizi kila mtu ana raba au kiatu cha plastiki kinachofutwa kwa kitambaa chenye maji, basi. Ni kweli kazi imepungua. Lakini si hilo lililomtoa stesheni.

Zamani baba alikuwa na nafasi yake kwenye baraza ya stesheni, pembeni ya nguzo ya mwisho. Alikuwa na sanduku la mbao lenye kikanyagio juu, ndani makopo ya dawa nyeusi na ya kahawia, brashi tatu, sindano, misumari midogo na vipande vya mpira wa tairi. Mtu anayesafiri kwa treni wakati ule hakukubali kupanda na kiatu chenye vumbi. Wengine walikuwa wanatoka Usevya na Majimoto wamebeba viatu vyao mkononi, wamezifunga kamba pamoja, wanakuja kuvivalia pale pale kwa baba.

Kiatu kilichohitaji kushonwa au kupigiliwa kisigino kilibaki, na mwenyewe akaondoka na malapa ya baba. Malapa yenyewe yalikuwa jozi nne, na kila jozi ilikuwa lapa moja jekundu na jingine la bluu, makusudi, ili asipatikane wa kuyatamani. Kwenye kisigino baba aliyachoma kwa msumari wa moto: jozi ya kwanza nukta moja, ya pili nukta mbili, hivyo hivyo mpaka nne. Nukta zile zile alizichora kwa chaki chini ya soli ya kiatu kilichoachwa. Ukirudi, unavua malapa, baba anasoma nukta, unapewa kiatu chako. Hakuna karatasi, hakuna kuuliza jina. Mimi niliupenda mpango ule kuliko mtu yeyote pale stesheni, kwa kuwa ulinitosha kabisa: ningeweza kukaa pale jioni nzima bila kuinua uso. Nilikuwa naamini kabisa kwamba mtu na malapa ni kitu kimoja. Kwangu hakuwepo mzee fulani wala kijana fulani. Kulikuwa na Nukta Moja, Nukta Mbili, Nukta Tatu.

Nukta Tatu ndiye aliyefika saa kumi kasoro dakika kumi. Aliweka mguu juu ya sanduku na kiatu kilikuwa cheusi, cha ngozi, cha kamba, cha mtumba lakini kizima, isipokuwa kisigino kimoja kilikuwa kinataka kung'oka.

"Natokea Majimoto, fundi," alisema kwa lafudhi ya Kisukuma. "Kesho napanda treni naenda Kaliua, kumposea kijana wangu wa mwisho. Hivi viatu leo ndiyo mara ya kwanza navivaa. Vipige mpaka hao wakwe wajione humo."

"Mzee, watakuuliza umevaa viatu au vioo," baba akamjibu.

Yule mzee akacheka, kisha akasema na mimi. "Na wewe mayu, ndiye msaidizi wa baba?" Mayu ni mama kwa Kisukuma, na wanamwita hivyo hata mtoto wa kike. Niliitikia kwa kichwa, nikiwa naitikia miguu yake. Alikuwa ameshavua viatu. Nyayo zilikuwa pana, zimepasuka, na ndani ya mipasuko kulikuwa na tope la mashamba ya mpunga, la kijivu, ambalo nadhani lilikuwa halitoki hata kwa jiwe la kusugulia. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa kimempanda mwenzake. Akavaa malapa ya nukta tatu, akasema anakwenda kujinyoosha kidogo nyumba ya wageni, akaenda.

Baba alipigilia kisigino, akapaka dawa, akaviweka kivulini vikauke. Halafu akagundua uzi umekwisha. "Nakimbia sokoni mara moja," akaniambia. "Vikikauka piga brashi, halafu kitambaa na matone mawili ya maji. Mwenyewe akija na malapa, mpe."

Haikuwa mara ya kwanza kuniacha. Nikapiga brashi mpaka mkono ukauma, nikavuta kitambaa, na ile ngozi ikaanza kurudisha mwanga. Nilikuwa naona kivuli cha uso wangu kwenye ncha ya kiatu nikafurahi, kwa kuwa nilimkumbuka mzee na wakwe zake.

Ndipo malapa yakaja, jekundu na la bluu, yakasimama mbele ya sanduku.

"Shikamoo," nikasema.

Jibu halikuja hapo hapo. Kulikuwa na nafasi kidogo, kama mtu aliyeshangaa kuamkiwa, halafu ikaja "Marahaba" iliyobeba kicheko ndani yake. Malapa yakavuliwa. Nikageuza moja: nukta tatu. Nikageuza soli ya kiatu: nukta tatu za chaki.

Sasa ninafika kwenye jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu mpaka siku iliyofuata, na hata hiyo siku sikulisema lote. Niliiona ile miguu. Mimi niliyekuwa najua watu kwa miguu tu, niliiona. Ilikuwa laini, myembamba, ina alama ya mpira wa soksi kwenye kifundo, na vidole vyote vilikuwa vimekaa kwenye mstari, hakuna kilichompanda mwenzake. Nilijua siyo yeye. Lakini ili kumuuliza "wewe ni nani" ningelazimika kuinua uso, na nikiinua uso angenitazama. Nukta zilikuwa tatu. Nikajiambia sheria ya baba ni nukta, haisemi chochote juu ya vidole. Nikampa viatu. Akavivaa, akafunga kamba bila haraka, akaondoka kuelekea upande wa maghala, na vile viatu vilikuwa vinang'aa mpaka vikapotea.

Baba alirudi na uzi. Hakuuliza. Aliona malapa jozi zote nne zimepangwa, akajua mzee ameshapita, akaendelea na kazi.

Saa kumi na mbili kasoro, mzee akaja pekupeku.

Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Kidole kidogo kilikuwa pale juu ya mwenzake.

"Fundi, samahani sana," alisema. "Nimelala kidogo, malapa yako nimeyaacha mlangoni kwa chumba. Nimeamka, hayapo. Nitakulipa. Nipatie viatu vyangu."

Baba akacheka akidhani ni utani. "Mzee, malapa haya hapa. Yamerudi."

"Nani ameyaleta?"

Baba akanigeukia. "Mama, viatu vya nukta tatu umempa nani?"

"Mwenyewe," nikasema.

"Huyu hapa?"

Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Lakini nilisikia watu wameanza kusogea, nikaona miguu inaongezeka kuzunguka sanduku, ya wapagazi, ya Mama Zuhura muuza chai, ya watoto, na wote walikuwa wananitazama utosini. Nilitaka jambo moja tu, waache kunitazama.

"Ndiyo. Huyu."

"Umemwangalia vizuri?"

"Nimemwangalia."

Baba alishusha pumzi. Alikuwa na imani na mimi ambayo leo nikiifikiria naona kama mzigo ambao mtu amekubebesha bila kukuuliza. "Mzee wangu," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, "viatu vyako umeshachukua. Malapa hayatembei yenyewe."

"Sijachukua, fundi. Naapa."

"Ana miguu miwili anataka jozi mbili," mpagazi mmoja akasema, watu wakacheka.

"Na mvi zote hizo," Mama Zuhura akaongeza huku anapuliza moto wake. "Mzee mzima unakuja kumdai mtoto mdogo. Hata aibu huoni."

"Waiteni sungusungu," mwingine akasema. "Hawa wanaotoka vijijini wamekuwa matapeli kuliko sisi wa mjini." Watu hawakucheka safari hii. Miguu ikasogea karibu. Niliona unyayo mmoja wa mzee unarudi nyuma nusu hatua, kisha unasimama.

Baba akainua mkono. "Hapana, hakuna wa kumgusa. Lakini nasema mbele yenu wote. Miaka yote niliyokaa hapa sijapoteza hata kamba ya kiatu ya mtu. Binti yangu hasemi uongo. Na kama amesema uongo, kuanzia kesho hamtaniona tena kwenye baraza hii."

Halafu mzee akachuchumaa. Nilijua kwa sababu magoti yake yalitokea mbele ya macho yangu, na mikono yake ikaja kukaa juu ya magoti. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mayu," akasema taratibu. "Niangalie usoni."

Nilitazama kopo la dawa. Kifuniko kilikuwa na mkwaruzo unaofanana na mto. Niliufuata ule mto kwa macho kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikaurudia.

"Niangalie tu, mayu."

Nikaurudia mara ya tatu. Akainuka.

"Basi," akasema. Miguu ikageuka, ikapita kati ya watu ikaenda zake kwenye changarawe.

Nyumbani baba alimsimulia mama wakati tunakula. Alinisifu. Alimega kipande cha samaki wa mgebuka kutoka upande wake akakiweka upande wangu wa sahani. "Huyu ni mtoto wa kazi," alisema. "Watu wamemzunguka, hakutetereka." Nilikisukuma kile kipande pembeni.

Mama alikuwa anasikiliza huku anapangusa mkono. "Huyo mzee alipoondoka alivaa nini mguuni?"

"Hakuvaa kitu," baba akasema.

"Na viatu ameviacha wapi?"

"Atakuwa amevificha. Tapeli ana mbinu zake."

"Baba watoto," mama akasema, ndivyo alivyomwita akiwa hataki ugomvi, "mtu mwenye viatu vyake atembee pekupeku kwenye changarawe ya reli, apigiwe kelele na watu, kwa jozi nyingine ya nini? Ana safari moja."

Baba aliacha kutafuna. Nilisikia taa ya chemli inavuma. Hakunitazama baba, wala mama hakunitazama, na nadhani walifanya makusudi, walinipa nafasi. Nilikuwa nayo nafasi, sekunde zote zile zilikuwa zangu. Nikanawa mikono, nikasema nimeshiba.

Sikulala sawasawa. Si kwa sababu ya dhambi, nisijisifu. Nilikuwa nawaza baraza. Nikisema kweli, baba anaondoka stesheni, amesema mbele ya watu na baba hakuwa mtu wa kula maneno yake. Nikinyamaza, mzee anakwenda kwa wakwe pekupeku, na wakwe wanamwona, na kijana wake anakosa mke kwa sababu ya mtoto wa fundi wa Mpanda ambaye hawatamjua kamwe. Nilipima hivi, nikapima vile. Mpaka majogoo yanawika nilikuwa sijapata jibu ambalo halimuumizi mtu.

Asubuhi nilivaa sare, nikawaamkia wazazi, nikatoka. Njia ya shule inakwenda kulia. Nikaenda kushoto, stesheni. Nilikuwa nimejiambia nitazame tu kama yupo, na kama hayupo basi Mungu ameamua.

Foleni ya tiketi ilikuwa ndefu, watu wamekaa chini na mizigo yao, magunia ya mchele, kuku wamefungwa miguu. Nikapita pembeni nikitazama chini kama kawaida yangu, malapa, raba, katambuga za tairi, viatu vya kina mama, vidole vya watoto. Karibu na mwisho nikaikuta ile miguu ya mzee.

Ilikuwa imeoshwa. Tope la mpunga lilikuwa limesuguliwa mpaka mipasuko ikawa myekundu. Halafu alikuwa ameipaka mafuta, mengi, kuanzia kwenye kucha mpaka juu ya kifundo, na jua la asubuhi lilikuwa linaipiga. Ilikuwa inang'aa kama kazi ya baba. Mzee alikuwa hana viatu vya kwendea ukweni, akang'arisha miguu yenyewe.

Nikainua uso.

Alikuwa mzee sana, kuliko sauti yake. Ndevu zilikuwa nyeupe kama pamba na jicho la kushoto lilikuwa na ukungu. Uso ambao hata kipofu wa haya kama mimi, kama angeutazama mara moja tu, asingeuchanganya na wa mtu mwingine. Alinitambua. Hakuonyesha kushangaa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mayu."

"Si wewe niliyempa viatu." Sauti yangu ilitoka ndogo, nikairudia. "Jana. Si wewe."

"Mimi najua kama si mimi," akasema. "Asiyejua ni baba yako."

Nilikuwa nimetumaini itatosha kumwambia yeye. Kutoka pale mpaka nguzo ya mwisho zilikuwa hatua kama thelathini. Baba alikuwa ameshafika, anapanga makopo. Mama Zuhura alikuwa anakaanga maandazi na wapagazi wawili wa jana walikuwa wanasubiri chai. Nilisimama mbele ya sanduku, mahali wateja wanaposimama.

"Mbona hujaenda shule?" baba akauliza.

"Baba, jana nilisema uongo. Aliyechukua viatu alikuwa mtu mwingine. Sikumwangalia usoni. Nilikuwa naogopa."

Mama Zuhura akaacha kijiko chake ndani ya mafuta. Baba alinitazama, na mimi nikamtazama, na ilikuwa shida kuliko nilivyodhani, kwa sababu uso wake haukuwa na hasira ya kunisaidia.

"Unasema hivyo mbele ya watu?"

"Ndiyo."

Alianza kufunga makopo. Nyeusi, kahawia, nyeusi. Kila kifuniko kilitoa mlio wake. Alibakiza moja wazi. Halafu akainama akavua viatu vyake mwenyewe, vile vyeusi alivyokuwa anavivaa kazini ili wateja waone mfano, akaviweka juu ya kikanyagio, akanipa brashi.

Nikang'arisha. Brashi kavu kwanza, kitambaa cha maji, dawa, kusubiri, brashi, kitambaa, matone mawili. Nilipomaliza nikavibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye foleni, nikapiga magoti, nikamvalisha mzee. Vilimbana kidogo kwenye kile kidole. Akasimama, akavikanyagisha chini mara mbili, akaniwekea mkono kichwani, kisha foleni ikasogea naye akasogea nayo.

Niliporudi, mpagazi mmoja alikuwa anamwambia baba, "Fundi, mtoto tu huyo, sisi tumeshasahau." Baba akamjibu, "Mimi nilisema mbele yenu." Alikuwa ameshafunga sanduku kwenye keria ya baiskeli yake. Akavaa malapa ya nukta tatu, maana hakuwa na kingine, akaanza kusukuma, nami nikamfuata nyuma kupitia katikati ya mji, kuelekea Nsemulwa.

Tulikutana na watu wengi njiani, wanamjua baba, wanauliza kuna nini. Niliwaamkia wote, mmoja mmoja, nikiwatazama usoni. Maana chini kulikuwa na miguu ya baba, mmoja kwenye lapa jekundu na mwingine kwenye la bluu, na hiyo ndiyo sikuweza kuitazama.